Ushahidi Tuliouchoma (Sehemu ya 4)

Ndiyo, najua. Wiki nzima umekuwa ukiniuliza kimoyomoyo: Nyangeta aliifungua ile barua pepe, au aliogopa?

Aliifungua.

Tena aliifungulia chooni, ndoo imeegemezwa mlangoni, mwanga wa simu umepunguzwa mpaka mwisho. Vyumba vya kupanga vya Mwigobero vimegawanywa kwa mabati, na mabati yana masikio.

Barua yenyewe fupi. Kanada imepokea maombi ya Bhoke ya kumchukua mwenza wake. Sasa inataka ithibitishiwe kwamba uhusiano ni wa kweli. Picha zenu. Mawasiliano yenu. Maelezo ya ndugu wanaowatambua kama wenza. Siku 30.

Nyangeta akasoma mara mbili. Halafu akacheka, mkono mdomoni.

Unashangaa? Mimi nilishangaa pia aliponisimulia. Ila subiri, nawe utacheka kicheko hichohicho.

Kwa miaka sita mwanamke huyu amefanya kazi moja kwa bidii kuliko hata kuuza dagaa. Kazi ya kufuta.

Kila meseji ya Bhoke ilisomwa, ikafutwa kabla ya usingizi. Namba yenyewe ilihifadhiwa kwa jina la Fundi Friji. Mpaka siku moja mama mwenye nyumba akauliza, hivi huyu fundi anayepiga saa sita usiku anatengeneza friji gani, na humu ndani sijawahi kuona hata barafu?

Na ile picha ya studio, waliyopiga kabla Bhoke hajasafiri, mikono mabegani kama masomo waliokua pamoja? Nyangeta aliichoma jikoni siku maneno ya watu yalipoanza kumsaka (unaikumbuka, sehemu ya pili). Anasema ugali wa jioni ile ulimkwama kooni.

Ndivyo alivyosalimika. Kanuni ya Adhabu ya nchi hii ina kifungu cha 154, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Mwanasheria anaweza kukaa kitako akabishana nawe kama kifungu hicho kinawagusa wanawake wawili. Jirani mwenye mdomo habishani. Anapiga kelele tu.

Sasa umeona kilichomchekesha? Amefuta miaka sita ili aishi. Leo anaambiwa: haya, tuonyeshe ulichofuta.

Hapa nikuibie siri kidogo ya fomu, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya kufa na kupona.

Kanada iliruhusu ndoa ya watu wa jinsia moja nchi nzima mwezi Julai 2005. Lakini Bhoke na Nyangeta hawana cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ya hapa kwetu inajua mwanamume na mwanamke, basi. Kuna mlango wa pili, wa wenza walioishi chini ya paa moja miezi 12 mfululizo. Wangeishi wapi? Mwigobero?

Umebaki mlango wa tatu, mwembamba. Ni wa watu wenye uhusiano wa angalau mwaka mmoja, ambao wangeoana au wangeishi pamoja lakini kuna ukuta katikati yao. Mlango wa waliojificha. Ila kuupita lazima utoke mafichoni na makaratasi mkononi.

Utasema, kwa nini hawakwenda Afrika Kusini, ambako sheria ilibadilika 2006? Swali zuri. Hata afisa wa viza huwa analiuliza. Jibu la Nyangeta limeandikwa kwenye daftari lake la madeni, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sado na nusu sado.

Na kudanganya? Thubutu. Ukinaswa umewadanganya, miaka 5 hugusi tena fomu yao.

Basi Nyangeta akatoka chooni, akavuta kopo la Blue Band chini ya kitanda.

Ndani ya kopo kulikuwa na tiketi za pantoni.

Tiketi tu! Vipande vya karatasi vilivyolegea kwa unyevu, vingine vina madoa ya magamba, vimefungwa kwa uzi wa nyavu. Mwigobero kwenda Kinesi, Kinesi kurudi Mwigobero. Ukizipanga kwa tarehe, unaona kitu cha ajabu. Zinakuja kwa mafungu. Siku tatu nne mfululizo, kisha kimya karibu mwezi mzima, kisha tena siku tatu nne.

Afisa wa viza hawezi kuusoma mpangilio huo. Mtu wa mwaloni anausoma mara moja. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikijaa, taa haina kazi, mitumbwi inalala, chanja zinabaki tupu, na mchuuzi wa dagaa anapata mapumziko yake. Miaka miwili ya mwanzo, kabla Bhoke hajapanda ndege, kila mwezi ulipojaa Nyangeta alivuka ziwa kumfuata nyumbani kwao.

Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha. Ningekuwa afisa, ningegonga muhuri hapohapo. Bahati mbaya sijaajiriwa, na tiketi haziandikwi jina la mtu.

Usiku ule Fundi Friji alipiga. Saa sita usiku hapa, huko Winnipeg bado alasiri, yuko kwenye mapumziko ya zamu katika nyumba ya wazee.

"Kuna mtu mmoja tu anayeweza kusema," Bhoke akasema. "Mama."

"Mama yako? Bhoke, umelewa?"

"Mwambie nimekuoa. Ataelewa anavyoelewa yeye."

Hapo ndipo mambo yanaponoga. Kama hujawahi kukaa Mara, vuta kiti.

Mama Bhoke ni Mkurya wa Tarime aliyehamia ng'ambo, upande wa Kinesi. Alizaa mabinti watupu. Mumewe alipofariki, mji ukabaki bila mtoto wa kiume, na mama hakukubali. Alitoa ng'ombe wanane akaoa mke. Yeye mwenyewe, kwa jina lake. Binti aliyeolewa anaitwa Rhobi. Ndiyo nyumba ntobhu hiyo: mwanamke anamwoa mwanamke, anatafutwa mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa nyumba ile, wanaitwa kwa jina la marehemu. Rhobi ana wavulana wawili sasa.

Usikimbilie kushangilia. Nyumba ntobhu haihusiki na mapenzi ya kitandani kati ya wale wanawake, na ukimwambia Mama Bhoke hivyo atakupiga fimbo. Ni habari ya ng'ombe, ukoo na urithi. Serikali haina cheti chake. Lakini kijijini hakuna anayegeuza shingo mama huyu anaposema "mke wangu." Ndiyo maana hata Nyangeta alipokuwa akivuka kila mbalamwezi hakuna aliyemuuliza kitu. Alikuwa mgeni wa binti, katika mji wa wanawake watupu.

Na Bhoke aliposafiri aliagana nao wote vizuri. Akamwachia Nyangeta kanga zake. Akamwachia Rhobi simu ya zamani, ile iliyopasuka kioo, ili mama apigiwe.

Umelisikia hilo la simu? Sawa. Twende.

"Kumwambia mama umenioa," Nyangeta akanong'ona, "huo si uongo?"

"Neno gani hapo ni la uongo?"

Nyangeta akalitafuta. Hakulipata.

Mama akaitwa avuke. Jumamosi, pantoni ikafika Mwigobero saa nne kasoro. Wakatangulia makuli, zikafuata baiskeli, kuku wamening'inizwa miguu juu, mwalimu mmoja na godoro lake. Mama Bhoke alishuka wa mwisho, fimbo inagonga chuma, ko, ko, ko. Nyuma yake Rhobi, kikapu kichwani, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Dagaa unawauza tu, huwali?"

Nyangeta akawapeleka nyuma ya chanja za mwisho, penye harufu kali ambapo wateja hawafiki. Akatandika kitenge. Akatoa karatasi, na pedi ya wino aliyoazima steshenari kwa kusingizia mkataba wa kodi. Mama hajui kuandika; atatia dole gumba, kisha karatasi ipelekwe kwa wakili.

"Bhoke ametaka utie dole hapa, mama. Nikusomee?"

"Soma. Mimi sitii dole kwenye kitu kisichosomwa. Ndivyo walivyouza shamba la baba yangu."

Nyangeta akasoma. Sauti ilikuwa ndogo, upepo wa ziwa ukiichukua nusu yake. "Mimi, mama mzazi wa Bhoke, nathibitisha kwamba mwanangu amemwoa Nyangeta, na kwamba ninamtambua kuwa mkwe wangu."

Kimya. Kunguru mmoja akatua kwenye chanja, akaiba dagaa, akaondoka.

"Ameoa," mama akasema taratibu, kama anayeonja chumvi. "Vizuri. Ng'ombe wako wapi?"

"Mama?"

"Mimi nilitoa wanane, na watu waliwaona wakipita barabarani. Wa Bhoke wamepita njia gani?"

"Bado, mama. Anajipanga."

"Hm. Na wa kukuzalisha ni nani?"

Msomaji, ungejibu nini? Mimi niko upande wa Nyangeta tangu sehemu ya kwanza na sina jibu mpaka leo.

Mama Bhoke akachovya dole gumba kwenye wino. Akalikandamiza, akaligeuza huku na huku, akaliinua. Jeusi tii, hadi kwenye ukucha. Akalisogeza juu ya karatasi, pakabaki nafasi ya punje ya mchele.

Hapo akasimama.

"Mimi nilimwoa Rhobi ili nyumba ya marehemu isizimike. Kinesi nzima inajua." Akamtazama Nyangeta usoni, bila ukali. Afadhali ungekuwepo ukali. "Wewe, Bhoke amekuoa ili iweje?"

Sikiliza swali hilo. Afisa wa viza ameliuliza kwa kurasa kibao.

Akijibu "ili nyumba isizimike", dole linashuka, karatasi inapatikana, na karatasi ni ya uongo. Akisema ukweli, dole linaweza kurudi mfukoni, na kabla pantoni ya jioni haijaondoka mwalo mzima utakuwa unamtazama.

Nyangeta akafungua mdomo.

"Mama, mwache," sauti ikatoka pembeni. "Nitakujibia mimi."

Rhobi! Rhobi ambaye katika sehemu tatu zilizopita hajasema neno, nawe ukadhani nimemweka kubeba kikapu tu.

Akatua kikapu. Akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa simu. Kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Akamgeuzia Nyangeta peke yake, mama asione.

Ni picha. Bhoke na Nyangeta wako kando ya ziwa, mbalamwezi imejaa, na hawajakaa kama masomo.

"Bhoke alisema amefuta kila kitu," Rhobi akasema polepole. "Hakujua kwamba picha zinabaki pengine. Zipo 61. Na meseji."

Miguu ya Nyangeta ikafa ganzi. Huu hapa ushahidi wote wa Kanada, umekaa Kinesi miaka minne, ndani ya fundo la kanga. Na huu hapa msala wake wote, mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kumjua anawaza nini.

"Unataka nini, Rhobi?"

Rhobi hakujibu upesi. Alimtazama mama, aliyekuwa bado ameinua dole. Akaitazama pantoni inayojaza watu. Kisha akainama sikioni mwa Nyangeta, akauliza kwa sauti ya mtu aliyelitunza swali lake muda mrefu:

"Hiyo fomu ya Kanada, ina sehemu ya kujaza mke wa mama?"

Kabla hajajibiwa, mama akasema kwa sauti iliyogeuza vichwa vya makuli wawili:

"Mnanong'ona nini ninyi? Leteni hiyo simu nione."

Na Rhobi akanyoosha mkono.

Kumpa nani? Ah, ah. Jumamosi ijayo.