Siku ya Tatu Mpe Jembe

Hifadhi ya Ziwa Manyara ilikuwa ukanda mwembamba. Upande mmoja ziwa, upande wa pili ukuta wa Bonde la Ufa, na katikati, miaka ya 1960, walibanana tembo wapatao 450. Tembo hao walikuwa wakibambua magome ya migunga, na migunga ilikuwa ikifa. John Owen, mkurugenzi wa hifadhi za taifa, alitaka kujua kama miti itakwisha na kama dawa yake ni bunduki. Halikuwa swali la darasani. Kule Murchison Falls, Uganda, tembo wapatao 2,000 walipigwa risasi miaka hiyohiyo kwa hoja ya kuokoa mimea, na huko Tsavo wataalamu waligombana juu ya jambo hilohilo.

Swali hilo Owen alimpa kijana wa miaka 23.

Iain Douglas-Hamilton alifika Manyara mwaka 1965 akiwa ametoka kusoma zoolojia Oxford, hajulikani na mtu. Alipiga kambi kando ya mto Ndala, akajifunza kumtambua kila tembo kwa masikio na pembe zake, akaona jinsi familia zinavyoongozwa na majike wazee. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1972. Mimi nasoma uzamili wa historia, na kinachonivutia hapo si tembo, ni mwenyeji. Angeweza kumpa kijana yule kazi ya kunakili ripoti. Alimpa jambo ambalo ofisi yenyewe haikuwa na jibu lake, akampa na miaka ya kulitafuta.

Nalifikiria hili kwa sababu shirika dogo la uhifadhi wa ardhi ninakofanyia utafiti, hapa Arusha, limekubali kumpokea mhitimu mpya kwa mwaka mmoja, nami nimeombwa niandike ratiba yake. Rasimu niliyoikuta ilikuwa na kuskani hati, kuandika mihtasari ya vikao na kupiga picha za semina. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sawa. Wahenga hawakusema jembe gani.

Lakini tusimsifu Owen kupita kiasi. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963, na huko vijana wa Kiafrika walifundishwa kusimamia hifadhi. Taasisi ya Utafiti ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1966, watafiti wake wengi walikuwa wageni. Mwenyeji alipewa doria, mgeni akapewa swali. Hata Manyara, Douglas-Hamilton hakuwa peke yake porini. Alikuwa na askari wa hifadhi, Mhoja Burengo, ambaye anatajwa katika kitabu cha tembo wale kilichotoka mwaka 1975. Kutajwa si haba. Ila najiuliza: kati ya Owen aliyetoa kibali na Mhoja aliyetembea naye vichakani, nani hasa alimpokea mgeni?

Na jibu la utafiti likawa la ardhi. Tembo hawakuishia kwenye mpaka uliochorwa. Walipanda ukuta hadi msitu wa Marang. Msitu huo ulikuja kuunganishwa na hifadhi mwaka 2009. Hakuna ripoti ya robo mwaka ambayo ingeonyesha faida ya namna hiyo.

Basi ile rasimu nimeifuta. Nimeandika swali moja la mwaka mzima: hati za kimila ambazo vijiji vimepata kwa msaada wa shirika, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, je, zimezuia malisho kumegwa? Mkurugenzi alisoma, akavua miwani.

"Na jibu likiwa hapana, mdogo wangu?"

"Ndiyo maana tunampa mwaka, dada."

Hajasaini bado. Chumba kimepatikana Sakina, kwa mama mmoja asiyependa watu wa kurudi usiku. Na yule mzee anayewaongoza wapimaji, anayejua kila jiwe la mpaka tangu lilipochimbiwa, amekubali kutembea na mgeni. Aliuliza mambo mawili tu: posho ni kiasi gani, na jina lake litaandikwa ukurasa gani.