Gunia Lenye Matundu Mawili
Mauaji ya Lari ya Machi 1953, yaliyofanywa na wapiganaji wa Mau Mau waliopinga utawala wa Uingereza, yaliacha hofu ya kweli nchini Kenya. Aprili 24, 1954, majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi kuwasaka wapiganaji hao, walioitwa magaidi na wakoloni. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa foleni mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gunia lilipoinama, aliyesimama mbele yake alipelekwa kizuizini Manyani au Mackinnon Road bila kesi. Mshtaki hakuonekana uso wala kudaiwa ushahidi. Hapo ndipo dhuluma ilipoota mizizi. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake kuhusu mateso ya enzi hiyo, ikakubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228.