Pilipili, achari na haradali melini: mwongozo wa safari ya Mwanza–Bukoba

Kuna mshikaji wangu anapanga kwenda Bukoba na meli, akaniuliza swali ambalo wenzake walimcheka: "Mle ndani pilipili ipo?" Mwingine, ambaye naona ameangalia sana sinema za meli za kifahari, akataka kujua kama kuna haradali. Mimi sikucheka. Usiku mzima ziwani na wali mkavu sio mchezo. Naandika yote hapa sehemu moja ili nisiulizwe tena, hehehe.

Kwanza meli yenyewe. Hapa Mwanza ukisema meli ya usiku, watu wanaelewa MV Victoria. Iliundwa Glasgow, Scotland, ikaletwa vipande vipande mpaka Kisumu, ikaunganishwa pale na kuanza kazi mwaka 1961. Ni mzee kuliko wazazi wa wengi wenu. Ilisimama miaka kadhaa kwa ubovu, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na mwaka 2020 ikarudi ziwani kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Unapandia Bandari ya Mwanza Kaskazini usiku, mnapitia Kemondo, asubuhi mko Bukoba. Siku na saa hubadilika, kaulize bandarini.

Sasa msosi. Ni vile vile unavyovijua: wali, ugali, samaki, kuku, chips, chai. Na mezani usitegemee zaidi ya chumvi, tomato sosi na chilisosi. Kwa mtu wa kawaida inatosha. Ila kama wewe ni mtu wa achari ya embe, au pilipili kichaa ya kuponda na ndimu, au hiyo haradali, beba kwako. Ukishaachana na gati, duka hakuna.

Tuanze na haradali maana ndiyo wengi hawaijui, halafu kumbe wanaila. Jina mnalijua wote. Waliosoma Biblia wanaikumbuka punje ya haradali, na kwenye Kurani pia imetajwa. Ni kambegu kadogo, kengine ka njano, kengine ka kahawia au keusi. Ule uji wa njano unaouona kwenye soseji za Wazungu ni mbegu hizo zimesagwa zikachanganywa na siki, chumvi na wakati mwingine bizari. Nyumbani hatuna desturi ya kuupaka kwenye chakula. Lakini fungua achari ya embe ya dukani, angalia vizuri kwenye yale mafuta mekundu: vile vipunje vilivyopasuliwa, mara nyingi ni haradali. Ndugu zetu wa Kihindi wamekuwa wakiiuza na kuipikia hapa mjini miaka mingi, na sisi tumeila kwenye achari bila kujua jina lake. Kwa hiyo yule aliyeulizia haradali, nenda maduka ya viungo ya mjini kati, omba mbegu zenyewe. Za chupa za kutoka nje tafuta kwenye supamaketi kubwa, na bei yake jiandae.

Mbegu ni rahisi zaidi, na kutengeneza ni dakika chache. Ikiwa kavu na nzima haina ukali. Ukali unatokea ikishasagwa na kukutana na maji. Saga vijiko viwili, weka maji ya BARIDI kidogo, acha kama dakika kumi, halafu ndio utie siki na chumvi. Ukiweka maji ya moto umeua ukali, utabaki na uchungu tu. Siki ndiyo inayoushikilia ule ukali usipotee haraka. Na ukali wake sio kama wa pilipili: pilipili inakaa ulimini, haradali inapanda puani, machozi yanatoka, halafu imekwisha. Kwenye sato wa kukaanga, acha tu.

(Ukizidiwa na pilipili melini usihangaike na maji, kile kikali chake hakiyeyuki kwenye maji. Maziwa ndiyo dawa, au mtindi. Na tafadhali usiteke maji ya ziwa ukanywa eti yako mengi.)

Haya, sasa la muhimu zaidi: unabebaje? Hapa nasimulia aibu yangu mwenyewe. Safari moja nilitengeneza pilipili ya nyumbani: nyanya, pilipili mbuzi, kitunguu, chumvi kidogo. Siki sikuweka, niliona inaharibu ladha. Nikajaza kwenye chupa ya soda ya plastiki mpaka juu, nikafunga kwa nguvu, nikaiweka kwenye begi siku mbili kabla ya safari. Joto la Mwanza mnalijua. Usiku daraja la tatu watu wamelala, nikafungua ili nile mkate wangu. PAAA! Povu jekundu likaruka mpaka kwa mama wa Kihaya aliyekuwa jirani yangu, na kitenge chake kipya alichokuwa anakipeleka kwenye harusi. Nilimlipa kwa nauli yangu ya daladala na ya kula kule Bukoba. Alinisamehe, lakini mpaka Kemondo alikuwa hanisemeshi.

Kilichotokea ni kwamba nyanya na vitunguu vibichi vikikaa kwenye joto vinachachuka, na kuchachuka kunatoa hewa. Hewa haina pa kutokea, chupa inavimba. Ukiona chupa imekuwa ngumu kama mpira, usiionje, tupa. Dawa yake ni kuchemsha mchanganyiko vizuri, kuweka siki ya kutosha, kuacha upoe, na kutumia chupa safi ya kioo yenye mfuniko mzuri, ndani ya mfuko wa nailoni mbili. Usijaze mpaka juu. Na itengeneze siku ya safari, sio juzi.

Kuna wanaopenda kitunguu swaumu kibichi ndani ya mafuta. Mafuta yanazuia hewa, na kuna bakteria anayeitwa Clostridium botulinum anayependa mahali pasipo na hewa na asidi. Sumu yake inapooza misuli, hata ya kupumua, na wala huwezi kuijua kwa harufu. Kitengeneze ule siku hiyo hiyo basi, usisafiri nacho.

Kachumbari ndiyo roho ya wali, najua. Lakini swali ni moja tu: imeoshwa kwa maji gani? Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Agosti 2015 ulifika mpaka Mwanza, watu tuliuona. Ndimu inasaidia kidogo ila haichukui nafasi ya maji safi. Mimi nabeba nyanya nzima, kitunguu, ndimu na kisu kidogo, naosha kwa maji ya kunywa, nakata mwenyewe. Washikaji wananiita bibi. Poa tu.

Na zile sosi za mezani? Popote pale, iwe kibandani, hotelini au melini, angalia vitu viwili. Chupa ya kiwandani ina nembo ya TBS na tarehe ya kuisha muda. Chupa ya kubana isiyo na lebo hujui ndani kuna nini, na wauza chips wengine wanaongeza maji ili iende mbali. Ikimwagika kama chai, umeshapata jibu.

Sasa yule wa meli za kifahari, zile za baharini zinazotia nanga Zanzibar na Mombasa. Huko haradali zipo aina nyingi: ya njano ya Kimarekani ambayo ni laini, ya Dijon ya Ufaransa ambayo inachoma, na ya Kiingereza ambayo inachoma zaidi. Usipoiona mezani unamuuliza mhudumu, anakuletea. Ukitaka ya kwako, kampuni nyingi zinakubali kilichofungwa kiwandani na hakijafunguliwa, lakini cha kupika nyumbani hawataki, na kushuka nacho bandari ya nchi nyingine unaweza kunyang'anywa. Yaani chachandu ya mama inaishia getini. Hiyo ni kwa mwenye tiketi, mzamiaji hachagui sosi, hahaha!

Wakati wa kurudi kutoka Bukoba, kama ni Novemba au Desemba, nunua senene waliokaangwa wakakauka. Sio kikolezo, lakini ukiwatia juu ya wali na ndimu na hiyo haradali yako, utasahau habari ya chilisosi. Funga vizuri, maana harufu ikitoka majirani wote wanaamka, na kugawa ni lazima.

Kuna sehemu karibu na geti la bandari nilikuwa napata ndimu na pilipili kichaa mpaka usiku. Mara ya mwisho sikuikuta. Aliyesafiri karibuni atuambie siku hizi zinapatikana wapi.