Reli, Maji na Picha ya Sergio Leone

Picha za kauboi nimezitazama nyingi, lakini iliyonikaa moyoni maisha yote ni Once Upon a Time in the West, aliyoitengeneza Mwitaliano Sergio Leone mwaka 1968. Vijana wenzangu wa Eldoret walimshangilia stelingi, Charles Bronson, na kinanda chake cha mdomo. Mimi, mtoto wa kibarua wa reli, nilifuata habari ya maji.

Katika picha hiyo, McBain amenunua ardhi kavu yenye kisima, kwa kuwa anajua injini ya mvuke haiendi bila maji. Siku reli itakapofika, shamba lake litageuka mji. Kwa ajili hiyo anauawa pamoja na watoto wake, na muuaji, Frank, ni mtu wa tajiri wa reli.

Sisibo yetu, yaani Eldoret, nayo ilizaliwa shambani. Makaburu walipanda uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya maksai, na mwaka 1910 posta ikafunguliwa kwenye shamba namba 64. Kutoka namba hiyo kwa Kiingereza, sixty-four, likaja jina Sisibo, na wazee hawajaliacha. Husimuliwa kwamba sefu ya benki ilianguka kutoka garini, ikawashinda watu kuinua, basi benki ikajengwa palepale kuizunguka. Mizigo ilikokotwa kutoka stesheni ya Londiani, maksai wakizama kwenye matope, mpaka reli ilipotufikia mwaka 1924.

Ila damu ilitangulia. Wanandi waliipinga reli ya kwanza, ile ya Kisumu, na serikali ya Mwingereza iliyokuja nayo. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na hapo ofisa wa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, akampiga risasi. Watu wake wakasukumwa kwenye hifadhi. Miaka michache baadaye magari ya Makaburu yakapita.

Wenyeji wa Marekani hawana sauti katika picha ya Leone, na hilo ni pengo kubwa. Lakini anaonyesha wazi kwamba reli ina tajiri wake na bunduki zake. Ndiyo maana pigano la Bronson na Henry Fonda, aliyeigiza Frank, halinishiki kama yanayofuata: treni inaingia, na Jill, mjane wa McBain, yaani Claudia Cardinale, anawapelekea maji vibarua wanaotandika reli. Baba alibadilisha mataruma upande wa Timboroa kwa miaka mingi. Tulipoitazama pamoja, aliuliza tu kama wale walilipwa kwa siku au kwa mwezi.