Uchongaji wa bodi ya saketi kwa kloridi ya feri

Njia ya kutengeneza bodi ya saketi nyumbani kwa kuyeyusha shaba isiyotakiwa. Tabaka la shaba, kwa kawaida lenye unene wa mikromita 35, huchorewa njia za umeme kwa kalamu ya wino usiofutika, au kwa tona inayohamishwa kutoka karatasini kwa pasi. Bodi huzamishwa katika maji ya kloridi ya feri kwenye beseni la plastiki, kamwe si la chuma, na kutikiswa taratibu. Nyuzi joto 40 za Selsiasi zinatosha. Glavu na miwani ni lazima, na doa la kahawia likishika nguo halitoki. Kinachopuuzwa zaidi ni maji yaliyotumika: yana shaba iliyoyeyuka, sumu kwa samaki, hivyo hayamwagwi sinkini. Wakati wa kutoboa faibaglasi ya bodi, barakoa huvaliwa.