Siasa za ofisini: Kwa nini watu wanapigania madaraka kazini?

Nafasi moja ya usimamizi inatangazwa, na ghafla ofisi inabadilika. Aliyekuwa haongei na bosi sasa anamletea chai. Mwingine anaanza kukumbuka kosa la mwenzake la mwaka juzi.

Mtaani tunaita majungu, fitna au uchawa. Watafiti wanaziita siasa za kazini, na wamezichunguza kwa zaidi ya miaka 60.

Je, ni tabia ya mtu?

Kwa sehemu, ndiyo. Mwanasaikolojia wa Marekani David McClelland alisema watu kazini wanasukumwa na haja tatu: kufanikiwa, kuwa na uhusiano mzuri na wengine, na kuwa na nguvu juu ya wengine. Wote tunazo, ila viwango vinatofautiana.

Mwaka 1976, yeye na David Burnham waliandika kwenye jarida la Harvard Business Review kwamba meneja mzuri ana kiu kubwa ya madaraka. Ndiyo, umesoma sawasawa. Sharti ni kwamba ayatake kwa ajili ya taasisi, siyo kujikweza. Anayetaka kupendwa na kila mtu ndiye anayeharibu: huyu anamruhusu kuondoka mapema, yule anamkatalia, na mwisho wote wanaona kuna upendeleo.

Kisa cha mafundi wa mashine

Lakini tabia haielezi kila kitu. Mwanasosholojia wa Ufaransa Michel Crozier, katika kitabu alichochapisha mwaka 1963, alieleza alichokiona kwenye viwanda vya tumbaku vya serikali ya nchi hiyo.

Kila kitu huko kilikuwa na kanuni: mishahara, vyeo, uhamisho. Kitu kimoja tu hakikutabirika, nacho ni mashine kuharibika. Na waliojua kuzitengeneza walikuwa mafundi peke yao.

Basi mafundi wakawa wafalme. Vyeo vyao havikuwa vikubwa, lakini hata wasimamizi hawakuweza kuwabana, maana hawakuujua ufundi ule. Michoro na maelekezo ya mashine yalikuwa yametoweka viwandani, na ujuzi ukabaki vichwani mwa mafundi. Angeandika nani, wakati siri ndiyo iliyowapa nguvu?

Nadhani kila ofisi ina "fundi" wake. Ni yule pekee mwenye nywila ya mfumo wa mishahara, au katibu muhtasi anayeamua faili la nani likae juu mezani kwa bosi. Ukishangaa kwa nini mtu hataki kumfundisha mwenzake kazi, anza kuangalia hapo.

Watafiti John French na Bertram Raven walilionyesha hili mapema, mwaka 1959: nguvu kazini haitoki kwenye cheo tu. Inatoka pia kwenye uwezo wa kutoa zawadi, kuadhibu, utaalamu, na mtu kupendwa na wenzake.

Vitu vichache, vigezo havijulikani

Moto unakolea zaidi pale vitu vinapokuwa vichache. Semina ni moja, yenye posho, na wanaoitaka ni kumi. Kama hakuna utaratibu ulioandikwa wa nani aende, kilichobaki ni kuonekana na bosi. Hapo hata mpole anajifunza kujipendekeza, na siwezi kumlaumu sana.

Anayesema "mimi nafanya kazi yangu tu" naye yuko hatarini. Jeffrey Pfeffer, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kufanya kazi vizuri peke yake hakutoshi kukupandisha. Anayeamua lazima ajue umefanya nini.

Kwa hiyo nafasi ikitangazwa, muulize ofisa utumishi mapema: vigezo ni vipi, nani watafanya usaili, na majibu yanatoka lini. Ukijibiwa "mtajulishwa", ujue chai ya bosi itaendelea kupelekwa.