Rush au Forester: gari lipi linaifaa familia kati ya Nakivale na Mbarara?

Safari kati ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na jiji la Mbarara ni takribani kilomita 60 kwenda. Kwa anayepanda gari la abiria au bodaboda, umbali huo hupimwa kwa nauli, na vumbi au tope. Kwa familia iliyofikia hatua ya kununua gari lake yenyewe, iwe ya mfanyabiashara wa Base Camp, ya mwalimu au ya mtumishi wa shirika anayelala Mbarara na kufanya kazi makazini, swali hubadilika: ni gari gani litakalomudu barabara mbili tofauti kwa siku moja bila kula akiba ya nyumba?

Magari madogo ya familia yaliyonyanyuka kutoka ardhini ndiyo yanayotajwa kwanza. Miongoni mwao, mawili huwaweka wanunuzi njia panda: Toyota Rush ya kizazi kilichozinduliwa Japani mwaka 2006, na Subaru Forester ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwishoni mwa 2007 na kudumu hadi 2012. Yote mawili ni ya usukani wa kulia, yanayolingana na uendeshaji wa upande wa kushoto nchini Uganda, na hufika nchini yakiwa tayari yametumika.

Barabara ndiyo hakimu wa kwanza

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi barani Afrika. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Yameenea katika eneo kubwa kuzunguka Ziwa Nakivale, na vijiji vyake vimegawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Kutoka Mbarara, msafiri anayefuata barabara ya Kikagati hutembea juu ya lami hadi upande wa Isingiro, kisha huingia kwenye njia za udongo na changarawe. Ndani ya makazi, udongo ndio barabara. Katika majira mawili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mteremko uliopitika asubuhi huweza kugeuka utelezi jioni.

Kwa hiyo kimo cha tumbo la gari si pambo. Rush ina sentimita 20 kati ya ardhi na sehemu yake ya chini kabisa; Forester ya kizazi hiki ina sentimita 21 na nusu au zaidi kidogo. Kwa tarakimu, Forester inashinda. Kwa vitendo, tofauti hiyo hufutika pindi watu watano na magunia mawili ya mahindi yanapopakiwa, kwa kuwa springi laini za Forester hushuka zaidi kuliko zile ngumu za Rush. Aidha, Rush ni fupi, haifiki mita nne na nusu wala hata mita nne kamili, na pua na mkia wake havitokezi sana mbele na nyuma ya magurudumu. Gari la namna hiyo huvuka mfereji wa maji ya mvua bila kukwaruza bampa.

Namna nguvu inavyofikishwa kwenye magurudumu ni jambo linalofichwa na wauzaji wengi, wengine kwa kutojua. Injini ya Rush imelazwa kwa urefu na husukuma magurudumu ya nyuma, kama malori yanavyofanya. Baadhi ya Rush huishia hapo: ni za magurudumu mawili tu. Nyingine husukuma yote manne muda wote, na zina kitufe cha kufunga difu ya kati gari linapokwama. Kwa nje zinafanana kabisa. Mnunuzi akitazame kitufe hicho kando ya usukani au kwenye dashibodi, kisha ainame chini ya pua ya gari athibitishe kwamba kuna difu na mihimili ya kuzungusha magurudumu ya mbele. Kwa anayeishi Juru au Rubondo, Rush ya magurudumu mawili ni gari la kiangazi.

Forester, kwa upande wake, huendeshwa kwa magurudumu yote manne bila dereva kubonyeza chochote. Hilo ni faraja kubwa kwenye tope, lakini lina sharti ambalo halisemwi sana: tairi zote nne lazima ziwe za kipimo kimoja na zilizolika kwa kiwango kinachokaribiana. Tairi mpya moja kati ya tatu zilizochakaa huzunguka kwa kasi tofauti, na mfumo unaogawa nguvu ndani ya giaboksi ya otomatiki hulazimika kuteleza muda wote hadi uungue. Katika mazingira ambamo watu wengi hununua tairi moja moja kadiri ya uwezo, sharti hili ni gharama halisi. Rush ya magurudumu manne nayo haipendi tairi zisizolingana, ila difu yake ya kati huvumilia zaidi, mradi isifungwe gari likiwa kwenye lami kavu.

Hesabu ya mafuta

Injini ya Rush ni ya ujazo wa sentimita za ujazo 1,500, yenye nguvu za farasi 109. Ile ya kawaida ya Forester, isiyo na tabo, ni ya 2,000, yenye nguvu za farasi zipatazo 148. Katika matumizi ya kweli ya njia mchanganyiko, Rush iliyotunzwa hutembea kiasi cha kilomita 12 kwa lita, na Forester kiasi cha kilomita tisa.

Kwa safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 120, Rush itatumia lita 10, Forester lita 13 na ushei. Lita ikiwa shilingi 5,000 za Uganda, hiyo ni shilingi 50,000 dhidi ya karibu 67,000. Familia inayofanya safari mbili kwa juma itaona tofauti ya takribani shilingi 133,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka. Forester yenye tabo haifai kutajwa katika hesabu hii. Ni gari la kupendeza, na familia yenye ada za shule iliangalie kwa mbali.

Hata hivyo, udogo wa injini ya Rush una bei yake. Ikiwa imejaa watu, inapopanda vilima vya Isingiro, giaboksi yake ya gia nne hupiga kelele na gari husita. Kwenye barabara kuu ya Mbarara kwenda Masaka na Kampala, takribani kilomita 270, kulipita lori kwa Rush yenye mzigo ni uamuzi wa kufikiriwa mara mbili. Forester hufanya jambo hilo kwa utulivu, nayo hukaa imara zaidi kwenye kona kwa kuwa injini yake imelala chini.

Nani ataketi wapi

Magari yote mawili yana viti vitano kisheria na kimaumbile. Kuna Rush nyingine, ya kizazi kilichozinduliwa Indonesia mwishoni mwa 2017, yenye viti saba. Lakini hiyo ni gari tofauti, na licha ya umbo lake husukuma magurudumu ya nyuma pekee. Jina moja limewachanganya wengi.

Kwenye kiti cha nyuma Forester ina upana wa kutosha watoto watatu wakubwa kukaa bila ugomvi, mlango wake hufunguka kwa mapana, na buti lake hubeba mikoba ya shule ya bweni pamoja na godoro lililokunjwa. Rush ina upana wa sentimita 169 na nusu, dhidi ya 178 za mwenzake, na buti lake hujaa upesi. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwa ubavu, jambo linalosumbua sokoni ambako gari jingine limeegeshwa karibu. Pamoja na hayo, tairi la akiba la Rush limetundikwa kwenye mlango huo, mahali linapofikika hata buti likiwa limejaa. Kwa Forester, mnunuzi afunue sakafu ya buti aangalie iwapo ni tairi kamili au lile jembamba la muda, ambalo halina kazi kwenye changarawe.

Kuna jambo la ugonjwa pia. Wagonjwa wanaohitaji matibabu makubwa kuliko ya vituo vya makazini hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, na mwenye gari kijijini hugongewa usiku, apende asipende. Ekseli ngumu ya nyuma ya Rush hudumu sana, ila hurusha abiria kwenye kila shimo. Mama mjamzito au mzee mwenye mgongo mbovu atahisi kila mita ya njia ile. Kwa kipengele hiki peke yake, Forester ni gari bora, na si kwa tofauti ndogo.

Fundi, spea na kinachovunjika

Mbarara ina gereji nyingi, na fundi asiyeijua Toyota ni nadra kumpata. Injini ya Rush hutumia mnyororo wa taimingi ambao haubadilishwi kwa ratiba. Spea zake za kawaida, kama breki, bushi na shokapu, hupatikana kwa urahisi, za asili na za kuiga.

Injini ya Forester ni ya silinda zilizolala, mbili kila upande. Kubadilisha plagi peke yake huhitaji mkono uliozoea. Forester za mwanzo za kizazi hiki zina injini ya familia ya EJ, yenye mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni na injini huharibika. Kuanzia mwishoni mwa 2010 ilikuja injini ya familia ya FB, isiyo na tabo, inayotumia mnyororo. Hiyo ni nafuu, ingawa zile za mwanzo zina sifa ya kula oili, na dereva asiyepima oili kila juma anaweza kuishiwa bila kujua. Kwa injini zote mbili, mnunuzi atazame kama kuna oili inayovuja chini ya vifuniko vya silinda na kama maji ya radieta yanapungua bila sababu. Bushi za nyuma nazo hulika haraka kwenye barabara mbovu, na Forester inazo nyingi kuliko Rush.

Suala jingine ni la uhai. Forester za kizazi hiki ni miongoni mwa mamilioni ya magari duniani yaliyoitwa kurudishwa kwa sababu ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo kilipuzi chake huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Gari lililouzwa nje ya Japani kabla ya kurekebishwa huja na kasoro hiyo. Ukaguzi hufanywa kwa namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji, na ni busara kuufanya kwa gari lolote la miaka hiyo, Rush ikiwemo.

Umri wa gari na sheria

Tangu 2018, Uganda imepiga marufuku kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Marufuku hiyo haihusu magari yaliyokwisha kusajiliwa nchini. Forester za mwisho za kizazi hiki, za 2012, zitafikisha umri huo mwaka 2027. Rush za mwisho zilizotengenezwa kwa soko la Japani, za 2016, zina hadi 2031. Anayeagiza kutoka ng'ambo ajue pia kwamba juu ya bei ya gari na usafirishaji huja ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na tozo ya mazingira kwa magari yaliyozeeka. Kiwango cha tozo hiyo hubadilishwa na bajeti, hivyo huulizwa kwa Mamlaka ya Mapato wakati wa kununua, si kwa jirani aliyenunua mwaka juzi.

Kwa wengi wa Nakivale, gari litakalonunuliwa ni lile ambalo tayari limetembea Uganda. Kati ya Rush ya magurudumu manne na Forester zilizo katika hali sawa, familia ya watu wanne au watano inayosafiri kila juma kati ya makazi na Mbarara itatumia fedha kidogo kwa Rush, na itaendelea kutembea mvua ikinyesha. Forester ni ya yule ambaye safari zake nyingi ni za lami, au anayebeba wazee na wagonjwa mara kwa mara, na ambaye ana fedha ya tairi nne kwa mpigo.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kumiliki mali inayohamishika, gari likiwemo. Anachopaswa kuhakikisha ni kwamba umiliki unahamishwa kwa jina lake, kwa namba yake ya mlipakodi, na kwamba namba ya chesisi iliyo kwenye kitabu cha gari ndiyo iliyochongwa kwenye chuma. Makubaliano ya kuandikiana kwenye karatasi huku kitabu kikibaki kwa jina la muuzaji ni ya kawaida, na ndiyo yanayowapotezea watu magari pale muuzaji anapofariki, anapodaiwa na benki, au anapobadili mawazo. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kabla gari halijaingia barabarani, na fedha yake itengwe siku ileile ya ununuzi.